Yafaa Vijana Waonyeshwe Kazi ya Makumbusho

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Muhula huu sisi wa Kidato cha Nne tumepewa fomu za kuchagua tahasusi tutakazosoma Kidato cha Tano, Mungu akitujalia kufaulu. Nimewasikiliza wenzangu bwenini wakijadiliana, na nimeona jambo moja la ajabu. Kila apendaye Baiolojia husema atakuwa daktari. Ukimwuliza, "Na usipopata nafasi ya udaktari?" atakujibu, "Basi nitakuwa mwuguzi, au mwalimu." Hapo orodha imekwisha. Kazi nyingine hawazichukii, ila hawazijui. Nami nathubutu kusema kwamba ni vigumu mno mtu kuchagua kazi ambayo hajapata kumwona mtu hata mmoja akiifanya.

Leo nataka kuwaeleza wasomaji wetu juu ya kazi moja ya namna hiyo, yaani utafiti wa viumbe katika nyumba za makumbusho, na juu ya jitihada zilizofanywa huko Marekani ili vijana wa jamii ambazo zamani hazikuhesabiwa katika kazi hiyo waingizwe humo wangali wanafunzi. Nitasema pia kwa nini habari hiyo ya mbali inatuhusu sisi, na hasa sisi tutokao Lindi.

Wengi wetu tuliokwisha kufika makumbusho tulipelekwa siku moja kwa basi. Tulipita mbele ya vioo, tukaona ngoma, mikuki na ndege aliyekaushwa, tukala mkate na soda, tukarudi. Kumbe tuliishia barazani. Nyumba yenyewe iko nyuma. Makumbusho ya viumbe na maumbile ya Smithsonian, mjini Washington, ina vielelezo zaidi ya milioni 140, na vile vinavyowekwa mbele ya watu ni sehemu ndogo sana. Vilivyobaki vimo makabatini na katika madroo: wadudu waliochomwa pini, ngozi za ndege, majani makavu, samaki katika chupa za dawa, mifupa iliyogeuka mawe. Kila kimoja kina kikaratasi chake kisemacho kilipatikana wapi, siku gani, na nani aliyekiokota. Kikaratasi kile kikipotea, mdudu yule hana faida zaidi ya mdudu aliyekufa dirishani.

Mtu atauliza, vitu hivi vyasaidia nini? Nitatoa mfano. Katika miaka ya 1960 wataalamu wa Uingereza na Marekani waliona kwamba ndege wawindao, kama kozi, walikuwa wakipungua, na mayai yao yalikuwa yakivunjika chini ya mama zao kabla ya kuanguliwa. Walitaka kujua kama maganda yalikuwa yamekuwa membamba kuliko zamani. Lakini mayai ya zamani utayapimaje? Wakayaendea makabati ya makumbusho na ya watu waliokusanya mayai tangu miaka mingi, wakayapima, na ikaonekana kuwa wembamba ule ulianza baada ya Vita Vikuu vya Pili, yaani wakati ule ule dawa ya kuua wadudu iitwayo DDT ilipoanza kutumika mashambani. Mwaka 1972 Marekani iliipiga marufuku dawa hiyo katika mashamba yake. Wengi wa waliokusanya mayai yale hawakuwa na habari yoyote ya DDT, maana ilikuwa haijaanza kutumika. Waliandika vikaratasi vyao vizuri, basi.

Sasa nani hufanya kazi hii? Ukitazama picha za zamani utadhani ni Wazungu peke yao. Lakini ukichunguza utakuta watu wengine nyuma yao. Mwaka 1826 mjini Edinburgh, kijana mmoja aliyekuwa akisomea udaktari, na ambaye udaktari wenyewe ulikuwa umemchosha, alimlipa mtu mweusi amfundishe kukausha ngozi za ndege. Mwalimu huyo aliitwa John Edmonstone, aliyekuwa mtumwa Guyana kabla ya kupata uhuru wake. Mwanafunzi wake alikuwa Charles Darwin, naye alikuwa na umri wa miaka 17, sawa na wangu. Bila ya ujuzi ule sijui ndege wa visiwa vya Galápagos wangefikaje London wakiwa na manyoya yao. Darwin twamsoma katika somo la Baiolojia. Edmonstone nilimpata kwa kutafuta mwenyewe maktabani.

Huko Marekani wako wengi wa namna hiyo. Charles Henry Turner, Mmarekani mweusi, alipata shahada ya juu kabisa ya Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1907. Ndiye aliyeonyesha kwa majaribio kwamba nyuki huona rangi. Vyuo vikubwa vyenye maabara nzuri havikumpa nafasi, naye akafundisha katika shule ya sekondari ya watu weusi mjini St. Louis tangu 1908 hata 1922, akifanya majaribio yake katika bustani ya mji. Aliandika makala za utafiti zaidi ya 70. Nawaomba walimu wetu wasome habari zake, kwani naye alikuwa na madaftari ya kusahihisha kama wao.

Katika mji wa Chicago alikuwako pia kijana aitwaye Carl Cotton. Alijifunza mwenyewe nyumbani kukausha wanyama na kuwatengeneza hata waonekane kama hai. Mwaka 1940 aliiandikia barua makumbusho iitwayo Field Museum akiomba kazi, akakataliwa. Akaenda vitani katika jeshi la majini, akarudi, na mwaka 1947 akapokelewa, mtu mweusi wa kwanza kufanya kazi hiyo humo. Alibaki hapo mpaka alipofariki mwaka 1971. Mwaka 2020 makumbusho ile ilifanya onyesho zima kwa ajili ya kumkumbuka, miaka 80 tangu ile barua ya kwanza.

Nimpendaye kuliko wote ni Margaret Collins, kwa sababu kazi yake ilikuwa juu ya mchwa, na wenzangu wajua jinsi nilivyo na kile kichuguu kilicho nyuma ya bwalo. Mama huyu alizaliwa mwaka 1922 huko West Virginia, akaingia chuo akiwa na miaka 14. Alisoma hata shahada ya juu Chicago, ingawa mwalimu wake hakupenda kuchukua wanawake katika safari za porini. Alichunguza jinsi aina mbalimbali za mchwa zinavyostahimili ukavu, jambo ambalo yeyote aliyeona kumbikumbi wakikauka asubuhi baada ya mvua atalielewa. Mwaka 1956, watu weusi wa Tallahassee walipogoma kupanda mabasi kwa sababu ya ubaguzi, yeye alikuwa akiwachukua watu kwa gari lake. Baadaye alifanya kazi katika makumbusho ya Smithsonian akiutunza mkusanyo wa mchwa, akasafiri Guyana mara nyingi, na mauti yalimkuta mwaka 1996 katika visiwa vya Cayman, bado yumo katika utafiti. Alikuwa na miaka 73. Dada zetu wa Kidato cha Pili wanaosema kwamba wadudu ni kazi ya wavulana na wasome hapa mara mbili.

Watu hawa watatu twawasifu, na ni haki yao. Lakini kila mmoja alipenya peke yake, kama mwizi apitaye dirishani, na wangapi walilikuta dirisha limefungwa wakarudi nyumbani? Hao hatutawajua kamwe. Hawakuandika makala, wala hapana mdudu aliyeitwa kwa majina yao. Kwa hiyo mimi naona kuwa ile mipango iliyokuja baadaye ina maana kubwa kuliko sifa za mtu mmoja mmoja.

Mipango yenyewe ni hii. Mwaka 1987 shirika la taifa la sayansi la Marekani lilianza kutoa fedha ili wanafunzi wa shahada ya kwanza wafanye utafiti wakati wa likizo ya kiangazi, na wale waliopewa fedha walihimizwa kuwatafuta wanafunzi wa jamii zilizo chache katika sayansi: Wamarekani weusi, wenyeji wa asili wa nchi ile, na watu wenye asili ya Amerika ya Kusini. Makumbusho ya Smithsonian huko Washington na ile kubwa ya New York ni miongoni mwa zilizopata kupokea wanafunzi kwa fedha hizo. Mwanafunzi hukaa kwa kawaida majuma kumi hivi. Huwekwa chini ya mtaalamu mmoja, hupewa meza yake na funguo za makabati, hupewa swali moja dogo lisilokuwa na jibu bado, na mwishoni husimama mbele ya wataalamu akaeleza alichokipata. Tena hulipwa posho na mahali pa kulala.

Hili la posho yafaa nilitilie mkazo, maana wengi hulipita bila kuliona. Zamani njia ya kuingia katika kazi za makumbusho ilikuwa kujitolea bure wakati wa likizo. Jambo hilo lasikika zuri. Lakini mwana wa tajiri aweza kujitolea miezi mitatu. Mwana wa maskini likizo ndiyo wakati wake wa kutafuta ada. Basi mlango ulikuwa wazi kwa wote, na walioingia walikuwa wale wale. Sisi wa shule ya bweni twaelewa. Tangazo likitolewa kuwa kuna safari ya masomo na kila mtu alete nauli yake, mwalimu wa zamu hana haja ya kuuliza ni nani watakaobaki.

Wako wasemao kuwa mipango ya namna hii ni upendeleo, na kwamba sayansi haina rangi. Mabishano hayo si ya zamani tu. Mwezi wa Januari mwaka 2025 Rais wa Marekani alitoa amri ya kukomesha katika serikali yake mipango ya kuwaingiza watu wa jamii mbalimbali, na Smithsonian ikaifunga ofisi yake iliyoshughulikia mambo hayo. Mimi nakubali kuwa mchwa hana habari na rangi ya amtazamaye. Walakini anayetazama alifikaje hapo? Mtoto ambaye mjomba wake ni profesa hujulishwa tangu utotoni kuwa kuna kazi ya kutazama mchwa. Huo nao ni upendeleo, ila haukuandikwa katika sheria yoyote, na kwa hiyo hapana awezaye kuukomesha kwa amri.

Sasa nirudi kwetu. Huku sisi hatuko wachache. Tuko wengi, na hata hivyo katika kazi hii tumekuwa kama wageni katika nyumba iliyojengwa kwa udongo wetu.

Kila mtoto wa Lindi amesikia habari za mjusi wa Tendaguru. Tangu mwaka 1909 mpaka 1913, muda mfupi tu baada ya vita vya Majimaji na njaa iliyofuata, Wajerumani walichimba pale mifupa ya wanyama wakubwa walioishi kama miaka milioni 150 iliyopita. Mamia ya wazee wetu walifanya kazi ya kuchimba, na mizigo ilichukuliwa vichwani na mabegani, mwendo wa siku kadha, mpaka bandarini Lindi. Yote ilipita tani 200. Mjusi mmoja amesimamishwa katika makumbusho ya Berlin, kimo chake mita 13 na zaidi, na watu huja kutoka kila upande wa dunia kumtazama. Miongoni mwa waliochimba alikuwako msimamizi aitwaye Boheti bin Amrani, ambaye kwa ustadi wake wa kuifukua na kuitengeneza mifupa Wajerumani wenyewe walimtegemea. Mwaka 2007, karibu miaka mia baadaye, mnyama mmoja wa Tendaguru alipewa jina lake: Australodocus bohetii.

Majirani zetu wa Kenya wanaye Kamoya Kimeu. Alisoma shule miaka sita tu. Mwaka 1960 alianza kazi ya uchimbaji kwa akina Leakey katika Bonde la Olduvai, na macho yake yakawa macho ambayo maprofesa waliyategemea. Mwaka 1984, karibu na mto Nariokotome magharibi ya Ziwa Turkana, aliokota kipande cha fuvu kidogo kama kibiriti, chenye rangi ile ile ya mawe yaliyokizunguka. Walipoendelea kuchimba wakapata karibu mifupa yote ya kijana aliyekufa kama miaka milioni moja na nusu iliyopita. Kimeu alipewa nishani Marekani mwaka 1985, na shahada ya heshima mwaka 2021 kutoka chuo kikuu cha huko. Alifariki mwaka 2022. Mtu aweza kujiuliza, kama mwaka 1960 angelipewa na meza pamoja na jembe, ni makala ngapi zingelitoka katika mikono yake mwenyewe?

Jibu moja limekwisha kuonekana huko huko Kenya. Fredrick Manthi wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya aliokota fuvu huko Ileret mwaka 2000, na makala juu yake ilipotoka katika jarida la Nature mwaka 2007, jina lake lilikuwa miongoni mwa waandishi. Aliyeokota ndiye pia aliyesoma na kuandika. Tazama basi tofauti kati ya mwaka 1913 na mwaka 2007.

Kwa muda mrefu sasa watu wamekuwa wakidai mjusi wetu arudishwe, hata Bungeni imesemwa. Sina ugomvi na madai hayo. Fuvu la Zinjanthropus, lililopatikana Olduvai mwaka 1959, lilirudishwa nchini mwaka 1965, na ni jambo la fahari. Lakini nauliza, na naomba wakubwa wasinichukulie kuwa sina adabu: mjusi akifika leo bandarini, ni vijana wangapi kutoka Lindi watakaoweza kuusoma mfupa wake mmoja na kueleza alikula nini, alitembeaje, na alikufa akiwa na umri gani? Tukidai mifupa, tudai na viti katika vile vyumba vya nyuma. Mfupa usiokuwa na msomaji utakaa katika sanduku jipya kama ulivyokaa katika lile la zamani.

Kwa hiyo nina ombi, tena si la gharama kubwa. Sisi wa Kidato cha Nne humaliza mitihani mwezi wa Novemba, na Kidato cha Tano huanza mwezi wa Julai. Miezi ile wengi wetu hukaa nyumbani. Arusha, katika boma la zamani la Wajerumani, kuna Makumbusho ya Elimu Viumbe, na Dar es Salaam kuna Makumbusho ya Taifa. Kwa nini kila mwaka shule yetu isiombe nafasi za wanafunzi wawili, mvulana na msichana, wakae huko mwezi mmoja, wafundishwe kuandika vikaratasi, kutunza vielelezo, na kujibu swali moja dogo? Nauli na chakula vitolewe katika mchango wa wazazi, ili wachaguliwe kwa bidii yao na siyo kwa mfuko wa baba zao. Wasio wa mjini wafikiriwe kwanza, maana wa mjini aweza kwenda mwenyewe Jumamosi.

Najua kuwa wazazi watakuwa na mashaka. Baba yangu ni mkulima wa korosho, na nilipomweleza habari hizi wakati wa likizo alinyamaza kwanza, kisha akasema, "Mwanangu, niuze korosho nikusomeshe Baiolojia, kisha ukahesabu mchwa?" Nilimjibu kwa heshima kwamba mchwa ndio waliomlia nguzo za ghala mwaka jana, na kwamba kama angelikuwako mtu katika wilaya yetu anayejua ni mchwa wa aina gani na huchukiaje, pengine ghala lingelisimama. Akacheka. Hakusema ndiyo, wala hakusema hapana. Mama alisema nijaze fomu kwanza, mambo ya mchwa yatafuata. Nimejaza Kemia, Baiolojia na Jiografia.

Wakati tunangoja majibu ya ombi hili, liko jambo tuwezalo kulianza wenyewe. Katika maabara yetu kuna sanduku la vipepeo na mbawakawa waliokusanywa na wanafunzi waliotutangulia. Ni wazuri sana, lakini hapana hata mmoja mwenye kikaratasi. Hatujui waliokotwa mwaka gani, wala katika kilima kipi, wala na nani. Hao wamekwisha kupotea. Mwalimu wa Baiolojia amekubali kutupa sanduku jipya, pini, na karatasi nene, na amesema barua ya kwenda Arusha ataitia sahihi yeye mwenyewe ikiwa tutaiandika kabla ya shule kufungwa. Tutakutana maabara Jumamosi baada ya usafi. Walio tayari waniletee majina yao katika bweni la pili, kitanda cha karibu na mlango, na kila mmoja aje na mdudu mmoja aliyemwokota mwenyewe, akikumbuka siku na mahali.